Yadi 6 za kitenge: sketi, vazi la ngoma na mito ya makochi

Kitenge kizima ni yadi 6, yaani sentimita 548. Ukikipeleka kwa fundi utarudi na gauni moja na mfuko wa vipande visivyo na kazi. Ukikipanga mwenyewe kabla ya kushika mkasi, pande hilohilo linatoa sketi ya mtu mzima, sketi ya ngoma ya mtoto, foronya mbili za mito ya makochi, na bado kinabaki cha kutandika mezani. Urefu upo wa kutosha. Kinachobana ni upana, na hesabu zote zinazofuata zinaanzia hapo.

Upana wa kitenge huwa karibu sentimita 115, ila vipo vya 112 na vipo vinavyofika 118. Nenda Kiyembe, mtaa wa vitambaa wa Kampala, na futi yako ya kupimia mfukoni, wala usitegemee maneno ya muuzaji. Kingine cha kuangalia hapohapo ni kama ni cha nta, na kama ni pamba kweli. Geuza kitambaa: kitenge cha nta cha pamba kina rangi karibu sawa uso na mgongo, ilhali kile cha kupigwa chapa upande mmoja huwa kimefifia mgongoni. Halafu omba uzi mmoja kutoka ukingoni uuchome. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Poliesta si haramu, kwa pazia inafaa sana, lakini kwa sketi ya joto la Kampala inanata mwilini, na pasi ya mkaa ikizidi moto kidogo tu inaiyeyusha.

Kufua kwanza

Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kisimame kama karatasi, na pamba ikilowa hupungua. Tegemea asilimia 3 hadi 5, yaani sentimita 16 hadi 27 kwenye yadi 6. Wengi huruka hatua hii kwa sababu kitambaa kigumu ni rahisi kukata. Ni kweli, lakini sketi itakayofuliwa mara ya kwanza baada ya kushonwa itapanda juu ya magoti na kiuno kitakataa kufunga. Loweka kwa maji baridi na sabuni kidogo, suuza hadi maji yatoke meupe, anika kivulini, kisha piga pasi kikiwa na unyevunyevu bado. Ukipenda ugumu wake, utaurudisha mwishoni kwa wanga wa muhogo uliochemshwa mwepesi.

Baada ya hapo pima upya, urefu na upana. Tuseme umebaki na sentimita 525 kwa 115. Mgawo ni huu: sentimita 208 za sketi ya mtu mzima, 115 za sketi ya mtoto, 92 za foronya mbili. Jumla ni 415, na zinabaki 110. Kama upana umeshuka hadi 112, mahesabu hayavunjiki. Sketi ya mtoto tu ndiyo itakuwa fupi kwa sentimita moja na nusu hivi.

Cherehani iwe tayari

Cherehani ya kukanyaga yenye zigizaga inatosha kabisa, na umeme ukikatika kazi haisimami. Tia sindano namba 14 (nyingine huandikwa 90) kwa kitenge. Namba 16 (100) iweke kwa turubai, jinzi na lubugo (nguo ya gome la mti). Sindano mpya haina bei ya kutisha, na nusu ya matatizo yanayopelekwa kwa fundi wa cherehani ni sindano butu. Mshono uwe wa urefu wa milimita 2.5.

Shona kwanza kwenye kipande cha kitenge hichohicho, kikunjwe mara mbili. Vitanzi vikijaa chini, watu hukimbilia kulaumu bobini, na karibu kila mara kosa liko juu: uzi haukuingia katikati ya visahani vya mkazo kwa sababu ulipitishwa mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa. Inua mguu, pitisha upya. Mshono ukiruka, angalia sindano ilivyokaa. Mfereji mrefu wa sindano lazima uelekee upande ambao uzi unaingilia tunduni, na bapa la kichwani likae kinyume chake. Uzi ukikatika kila unapoanza, huenda gurudumu linazunguka kinyume. Livute kwa mkono kuja kwako ndipo ukanyage. Na mkanda wa ngozi ukilegea hadi gurudumu linateleza, ukate sentimita moja tu, uunge tena. Ukikata mbili kwa pupa utakaza mno na kukanyaga kutakuwa adhabu.

Sketi ya nusu duara

Sketi hii inakaa vizuri kwa watu wa maumbo mengi, ina mshono mmoja tu, na upana wa kitenge unaibeba bila kuunga. Duara zima kwa mtu mzima halitoki kwenye upana wa 115 labda kwa vipande viwili, na kuunga maua ya kitenge ni kazi ya subira.

Mfano wetu ni kiuno cha sentimita 76 na sketi ya urefu wa 75. Chukua kiuno, ongeza 3 za mshono wa nyuma, upate 79. Gawa kwa 3.14: jibu ni 25.2. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya mstari wa kushonea. Mstari wa kukatia uwe ndani yake kwa sentimita 1.5, yaani 23.7. Kwa chini jumlisha 25.2, urefu 75 na pindo 1.5, unapata 101.7. Rudia hesabu mara mbili kabla ya kukata, maana kila sentimita moja unayokosea kwenye nusu kipenyo inabadili kiuno kwa sentimita 3.14. Ukikosea kwa kukata kidogo, utapunguza tena. Ukikosea kwa kukata kikubwa, kiuno kimekwenda.

Kata kipande cha sentimita 208 na ukikunje katikati ya urefu, uso ndani, ili kingo za kiwandani zilaliane na mkunjo uwe na urefu wa sentimita 115. Tafuta kona ambapo mkunjo unakutana na ukingo wa kiwandani. Hakikisha ni kona ya mraba. Daftari la shule likiwekwa pale litakuonyesha. Shikilia sifuri ya futi kwenye kona hiyo kwa kidole gumba, na kwa mkono wa pili zungusha futi huku ukitia nukta ya chaki kwenye 23.7 kila baada ya vidole vitatu. Rudia kwa 101.7. Unganisha nukta. Futi iwe imenyooka wakati wote, kwani ikilegea upande mmoja duara litakuwa na nundu, na nundu hiyo utaiona siku utakapovaa.

Kabla hujakata, tazama maua yamesimama vipi. Kwenye nusu duara, picha iliyosimama wima nyuma italala kwa ubavu mbele. Ndege, watu na maandishi havifai. Duara na majani yaliyotawanyika, hivyo ni salama.

Ukishakata, usiinue kitambaa ovyo. Piga mshono wa cherehani peke yake kuzunguka kiuno, sentimita 1.2 kutoka ukingoni. Hauungi chochote, kazi yake ni kuzuia kiuno kisivutike, kwa sababu sehemu kubwa ya duara hilo imekatwa mshazari na mshazari hunyumbuka kama lastiki hata kwa uzito wa kitambaa chenyewe. Hatua hii inachukua dakika mbili na ndiyo inayotenganisha sketi inayokaa kiunoni na ile inayoshuka nyongani.

Mshono wa nyuma unakaa kwenye kingo za kiwandani, kwa hiyo hautatoka nyuzi na hauhitaji ovaloku. Ila ukingo wa kiwandani wakati mwingine umekazwa kuliko kitambaa. Ukiona unakunja mshono, ukate vijichanja vidogo kila sentimita 8. Acha sentimita 20 za juu kwa zipu. Zipige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono hizo 20, fungua mshono kwa pasi, laza zipu chini yake, ishone pande zote mbili, kisha fumua bandi.

Mkanda wa kiuno hauhitaji kitambaa kingine. Kandokando ya sketi umebakiwa na ukanda wa sentimita 13 kwa 208, na uko kwenye urefu wa kitambaa, upande usionyumbuka. Kata hapo kipande cha sentimita 10 kwa 82: kiuno 76, cha kupandishia kifungo 3, mishono 3. Kibandikie mgongoni kile kitambaa cha gamu kinachoshikwa kwa pasi, kwa nusu ya upana tu. Shona mkanda kwenye kiuno uso kwa uso kwa sentimita 1.5, ukunje kwenda ndani, umalizie kwa mkono. Weka kifungo au ndoano.

Sasa subira. Itundike sketi kwa mkanda wake usiku kucha na mchana wake ndipo upinde. Sehemu za mshazari zitashuka, pengine sentimita moja, pengine tatu, na sehemu za mbele na nyuma zitabaki pale pale. Mwambie mwenye sketi asimame akiwa ameivaa, na viatu atakavyoivalia, na upime kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula ukizungusha alama za chaki. Kata kilichozidi. Pindo liwe jembamba: kunja nusu sentimita, kisha moja. Ukitaka pindo pana la sentimita 4 kama la sketi ya shule, utapata mikunyo, kwa kuwa ukingo wa chini ya duara ni mrefu kuliko pale unapokwenda kulala, na kitambaa cha ziada hakina pa kwenda.

Sketi ya ngoma ya mtoto

Hapa duara zima linawezekana, na ndilo linalotakiwa: mtoto akizunguka, sketi ifunguke. Tumia lastiki badala ya zipu, kwa sababu nguo za ngoma za shule huvaliwa na watoto tofauti kila muhula. Lakini ukiwa na lastiki tundu la kiuno lazima lipite nyongani, na hapa ndipo wengi hukata kwa kipimo cha kiuno halafu nguo haipandi.

Mtoto mwenye nyonga 66: ongeza 4, ipatikane 70, gawa kwa 6.28, upate 11.1. Mstari wa kukatia ni 10.1. Kunja kipande cha 115 kwa 115 mara mbili ili kona moja iwe katikati ya kitambaa chote, pima kutoka kona hiyo 10.1 na 57.5. Ukitoa pindo la sentimita moja utabaki na sketi ya urefu wa karibu 45. Mkanda unatoka kwenye ule ukanda wa sentimita 13: kipande cha 72 kwa 9, kikishonwa na kukunjwa kinatoa njia ya sentimita 3.5, na lastiki ya 2.5 inapita bila kujikunja. Lastiki yenyewe ikate kwa kiuno cha mtoto ukitoa 4 na kuongeza 2 za kupandishia. Kiuno 56, lastiki 54. Ishone kwa zigizaga, kwani mshono ulionyooka hukatika mara ya kwanza mtoto akiivuta.

Kwa bakisimba, ngoma ya Waganda, mchezaji hufunga juu ya sketi ngozi ya mbuzi yenye manyoya marefu, ili kiuno kinapotikisika watazamaji wa nyuma nao waone. Ngozi nzuri ni ya gharama na inanuka ikinyeshewa. Kwa watoto, sufi ya kufumia inafanya kazi ileile. Kata turubai au drili ya sentimita 12 kwa 80 na ukunje iwe 6. Chukua boksi gumu lenye upana wa sentimita 30, uzungushie sufi, mizunguko 4 kwa kila sentimita ya boksi. Kwa mkanda wa 80 hiyo ni mizunguko 320, ambayo hula karibu mita 200 za sufi. Soma lebo ya kila kibunda ujue ununue vingapi. Fanya kwa vipande vya sentimita 20. Pitisha utepe wa pamba juu ya nyuzi kwenye ukingo mmoja wa boksi, shona kwa mkono kushikilia kila kifungu, kisha kata ukingo wa pili. Panga vipande ndani ya mkunjo wa turubai na upige mishono miwili ya cherehani, mmoja sentimita nusu kutoka mwingine. Mshono mmoja hautoshi: mtikisiko huvuta nyuzi moja moja hadi mkanda uwe na mapengo. Kamba za kufungia ziwe za kitambaa, upana wa sentimita 3, urefu wa 60 kila upande, na zivuke nyuma kurudi mbele. Kamba ya nailoni hufunguka katikati ya ngoma.

Gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, kwa ajili ya igizo ni jambo jingine. Ina shingo ya mraba, vifungo viwili vya kushoto, mabega yaliyochongoka na mshipi mpana unaokaa nyongani, na ya mtu mzima hula hadi mita 6 za kitambaa kinachoteleza. Mabega yake yakikosa kitambaa cha kukazia ndani huanguka kama kofia iliyolowa. Anza na hizi sketi. Gomesi ije mkono ukishazoea.

Foronya za makochi

Foronya isiyo na zipu ndiyo bora kwa anayeanza, na inatoka kwenye upana wa kitenge bila kuunga. Mto wa 45 kwa 45 unataka foronya ya 43, si ya 45. Foronya ndogo kidogo hubana mto na kona zikajaa. Iliyo sawa na mto hulegea baada ya wiki ya kukaliwa.

Kata ukanda wa sentimita 46 kwa 104. Pinda ncha zote mbili fupi, moja kisha mbili, hivyo kila ncha inakula 3 na zinabaki 98: mbele 43, nyuma 43, na 12 za kupandana. Laza ukanda uso juu, kunja ncha zote mbili kwenda katikati hadi zipandane kwa 12 na upana uwe 43. Shona juu na chini kwa sentimita 1.5, ukirudia mara mbili pale zinapopandana, maana hapo ndipo mkono unapovuta wakati wa kuvisha. Piga zigizaga kingoni, geuza. Kama kitenge kina ua kubwa, litafute kwanza na ulikate likiwa katikati ya ukanda, sentimita 52 kutoka kila ncha. Litatokea katikati ya mto. Ukipandana kwa 5 badala ya 12 ili kubana kitambaa, mto utachungulia nyuma kila mtu akiegemea.

Ukijaza mto kwa vipande vya godoro, uvishe kwanza mfuko wa merikani, la sivyo vinundu vitaonekana juu ya maua. Nyuzi na vitambaa vya mivumba (mitumba) vilivyokatwakatwa navyo vinajaza, lakini mto unakuwa mzito na hukauka kwa shida ukifuliwa.

Sentimita 110 zilizobaki zinatoa vitandiko vitatu vya meza vya upana wa 36. Pinda tu.

Lubugo nyumbani

Lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005, inapendeza ukutani na mezani, lakini haishonwi kama kitambaa. Haikufumwa, imepondwa, kwa hiyo haitoki nyuzi na haihitaji pindo. Kila tundu la sindano linabaki, na mishono iliyosongamana huikata kama stempu. Tumia sindano namba 16, urefu wa mshono milimita 4, na ubandike kwanza kitambaa cha pamba mgongoni kwa gundi ya unga au kwa bandi. Usifue, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Piga pasi kwa juu ya kitambaa kingine. Kwa mto wa kochi, mbele iwe paneli ya lubugo katikati ya fremu ya kitenge, kwani lubugo tupu huchanika pale watu wanapoegemea. Na uwajue wageni wako: Buganda lubugo ndiyo inayofunika maiti, na wapo wazee ambao hawatapenda kukaa juu yake.

Pazia

Pazia linakosewa kwa ubahili. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya urefu wa fimbo: fimbo ya mita 1.5, kitambaa cha mita 3, ndipo mikunjo itoke. Acha sentimita 10 za pindo la chini, likunjwe mara mbili ili uzito ulivute. Ukitumia pete za kubonyeza, ziwe na nafasi ya sentimita 15 hivi na idadi yake igawanyike kwa mbili, ili kingo zote mbili za pazia zielekee ukutani. Zikiwa witiri, ukingo mmoja utageuka kutazama sebuleni. Pete pia zinataka kitambaa cha kukazia chini yake; kitenge kitupu kitachanika kuzunguka chuma, hasa kwenye pete ya mwisho, ile inayovutwa kila asubuhi.